Sala Kabla ya Kamera

"Nipeni kanzu nyeupe, kipaza sauti kisichokwaruza na siku saba tu," Andati alitangaza siku moja mbele ya waombolezaji mia nne pale Shianda, "na nyinyi nyote, chifu akiwemo, mtakuwa mnaniita nabii na kung'ang'ania maji niliyonawia miguu."

Watu walicheka. Mjane alicheka. Waliokaa karibu na jeneza wanasema hata marehemu alilegea uso kidogo, ingawa hao ni watu waliokuwa wamekunywa tangu asubuhi.

Kazi ya Andati ni mdomo. Mali yake ni spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu, jenereta moja, na amplifaya ambayo haiamki mpaka ipigwe kofi. Kwa vifaa hivyo amekuwa MC wa matanga na harusi katika ukanda wote wa miwa, na kinachofanya aitwe tena na tena ni kuiga wahubiri. Anamwiga yule anayehubiri kama muuza dawa ya panya. Anamwiga yule anayetoa pumzi mwisho wa kila neno kama gurudumu lililochomwa na mwiba. Anamwiga askofu mmoja aliyejitawaza mwenyewe, ambaye hawezi kusema "Bwana asifiwe" bila kuinua mkono wenye saa ili waumini waione.

Mhubiri mmoja tu ndiye asiyemwiga. Baba yake, Mwinjilisti Joash, alizunguka kwa baiskeli miaka thelathini kati ya Shianda na Musanda akiombea wagonjwa, na alipofariki aliacha baiskeli hiyo hiyo na vitabu vitatu vya nyimbo, kimoja hakina jalada. Siku ya mazishi yake, wazee wa kanisa waligombania nani aanze kuhubiri. Waligombana robo saa nzima, jua likiwaka juu ya jeneza. Andati alikuwa na miaka kumi na minane. Tangu siku hiyo hakufumba macho katika ombi la mtu yeyote. Wengine wakiinamisha vichwa, yeye aliinamia amplifaya, akavutavuta nyaya. Kwa miaka tisa alikuwa anatengeneza nyaya zisizo na shida.

Yale majigambo ya matangani mtu aliyarekodi kwa simu. Yakazunguka, yakafika Nairobi kwa dada anayeitwa Mitchel, mtengenezaji wa filamu, ambaye mama yake ni wa Lurambi na ambaye kwa hivyo anajua Kiluhya cha kutosha kuagiza chakula na kukataa wachumba. Mitchel alikuwa anatafuta nabii. Filamu yake ilimhusu kijana wa sehemu za miwa aliyekosa kazi, akakosa hata jina la kuitwa kijijini, kisha akakutana na nabii aliyempa vyote viwili na kumchukulia akili. Nabii huyo, Baba Nuru, angewafundisha watu kuacha shule, halafu kuacha hospitali, halafu kuacha kula.

"Sitaki mchekeshaji," Mitchel alimwambia kwa simu. "Nataka mtu wa kuaminika."

"Dada, mimi naaminiwanga hata na wakwe wa watu. Mtu ambaye hajawahi kuniamini ni mimi mwenyewe."

"Hiyo itaonekana vizuri sana kwa kamera," Mitchel alisema, na hakuwa anatania.

Andati alifuga ndevu miezi mitatu. Zilitoka kwa vikundi, kama mahindi yaliyopandwa na mlevi, lakini zilitoka.

Filamu ilipigwa Musanda, kwenye shamba ambalo miwa yake ilikuwa imekatwa juzijuzi. Watu wa Mitchel walijenga kanisa la miti na mabati ya zamani, wakalijenga vizuri kiasi kwamba Jumapili watu wawili walipita kuuliza ibada huanza saa ngapi. Waumini walitoka kijijini: watu arobaini, wengi wao akina mama, na wakata miwa wachache waliokuwa hawana kazi wiki hiyo. Wote walipewa kanzu za kitambaa cha marekani.

Siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, kila mtu alikuwa mahali pake.

"Haya, tunaanza," alisema Mitchel.

Hakuna aliyetikisika. Watu arobaini walimtazama kama mtu anayemega ugali kabla ya wageni kunawa.

"Kuna shida?"

"Na ombi je?" mkata miwa mmoja aliuliza kutoka nyuma.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea utamuuliza nani. Sehemu hizo hakuna kitu kinachofunguliwa bila sala. Chama cha akina mama hakifunguliwi, mkutano wa josho la ng'ombe haufunguliwi, na hata fahali wawili hawapiganishwi mpaka mtu avue kofia kwanza. Mitchel alitazama saa yake. "Sawa. Nani ataomba?"

Watu arobaini waligeuka wakamtazama mtu mmoja, mwenye kanzu ndefu ya ukingo wa buluu, ndevu na fimbo. Kama pale pangekuwa na mchungaji, angeomba yeye. Hapakuwa na mchungaji. Palikuwa na nguo ya mchungaji, na ndani ya nguo hiyo alikuwamo mtoto wa Mwinjilisti Joash.

Andati alikuwa amepanga ombi la nusu dakika: Mungu tubariki, mvua isinyeshe, chakula cha mchana kisichelewe. Alipofika kwenye mvua, mama mmoja aliyepiga magoti mbele kabisa aliushika mkono wake, akauweka juu ya kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa mama yake Beverlyne, yule msichana wa kibanda cha kutuma pesa sokoni Shianda.

"Mtumishi, ni presha," alinong'ona. "Miaka kumi na moja. Nalalanga nikihesabu moyo."

"Jina lako ni nani?" Andati alijikuta anauliza.

"Pascalia."

Sauti iliyofuata haikuwa ya Baba Nuru, wala ya muuza dawa ya panya. Ilikuwa sauti ya chini, isiyo na haraka, ya mtu ambaye ameegemeza baiskeli ukutani na kuingia nyumba ya mgonjwa. Alimwomba Mungu amtazame Pascalia, huyu hapa, si mwingine. Aliomba moyo wake utulie. Aliomba alale usingizi kama wa watu. Alipomaliza ndipo alipogundua kwamba alikuwa amefumba macho, maana kuyafumbua kulimuumiza. Watu waliitikia amina kwa sauti ya watu waliosahau kwamba leo wanalipwa.

"Umechukua hiyo?" Mitchel alimnong'oneza mpiga kamera.

"Betri bado iko kwa chaja."

Mitchel akamwomba Andati arudie. Alirudia mara sita. Zote sita zilikuwa takataka.

Mchana, saa nane, ikaja sehemu ya moto. Baba Nuru alisimama juu ya kreti akasema maneno aliyoandikiwa: kwamba dawa ni mlango wa mashaka, kwamba anayemeza kidonge amemwambia Mungu keti kando. Kisha waumini wapite mmoja mmoja watupe kadi zao za kliniki motoni. Kadi za bandia zilizoletwa zilikuwa ishirini na sita. Mwenye vifaa akasema wasio na kadi watupe chochote kinachofanana nayo. Pascalia hakuwa na kadi ya bandia. Alifungua pindo la leso yake, akatoa kitabu chake cha kliniki, kile cha kweli, pamoja na vidonge vyake vya mwezi mzima ndani ya karatasi ya nailoni. Zamu yake ilipofika, akavitupa.

Hakuna aliyejua. Kwenye picha anaonekana mama wa makamo mwenye uso unaong'aa kama aliyeshushiwa mzigo wa kuni, na Mitchel alimwambia kila mtu jioni ile kwamba yule mama ni mwigizaji wa kuzaliwa.

Wiki sita baadaye, Mitchel akiwa ameshajirudia Nairobi, Andati alikuwa kwenye hoteli ya sokoni Shianda akila chapati na maharagwe. Ndevu zilikuwa bado zipo, maana alikuwa amezizoea, na meza ya jirani ilikuwa inamfaidi.

"Baba Nuru, tuongezee maharagwe kwa muujiza."

"Imani yenu ni ndogo," alijibu. "Lakini naona matumbo yamekua."

Beverlyne aliingia, akaketi mbele yake bila kusalimia, na sokoni Shianda hilo ni sawa na kofi.

"Umeshaua mtu, au bado?"

"Mulembe pia kwako, Beverlyne."

"Mama ameacha dawa. Wiki sita. Nimejua jana alipoanguka kwa shamba la mahindi, damu inamtoka puani kama mfereji. Nikamuuliza dawa ziko wapi, akaniambia mtumishi alimwombea, akazichoma. Nikamuuliza mtumishi gani huyo. Unajua alimtaja nani?"

Watu wa meza ya jirani wakageuza viti.

"Ile ilikuwa filamu," Andati alisema.

"Mwambie yeye."

"Osiako amempima?" Osiako ndiye daktari wa zahanati ya huko.

"Mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Amesema nambari kama hiyo mtu hutembea nayo tu, anacheka, anapalilia, mpaka asubuhi moja aamke mdomo umeenda upande. Au asiamke. Amempatia dawa zingine. Mama ameziweka kwa kabati, amezifunika na kikombe."

Andati aliacha chapati nusu, jambo ambalo mwenye hoteli bado anasimulia.

Alinyoa ndevu mchana ule ule. Akavaa jinzi na jezi ya mpira ili asifanane na mtumishi wa kitu chochote, wakaenda Musanda na Beverlyne kwa boda. Walimkuta Pascalia barazani anamenya viazi vitamu. Alipomwona Andati alivuta kitambaa chake kikafunika nywele vizuri.

"Karibu, mtumishi."

"Mama Beverlyne, mimi si mtumishi. Unanijua. Mimi ni MC. Nilikuwa MC wa matanga ya shemeji yako."

"Nakujua sana. Wewe ni mtoto wa Joash. Joash aliniombea nikiwa na mimba ya huyu," akamwonyesha Beverlyne kwa kisu.

"Ile kitu ilikuwa filamu. Tulilipwa wote, mimi na wewe."

"Walawi pia walikuwa wanalipwa."

"Nasema hivi, mbele yako na mbele ya msichana wako, mimi sikuwa nabii hata dakika moja."

"Petro alikana mara tatu," Pascalia alisema, akichukua kiazi kingine. "Wewe umefikisha moja. Kunywa chai kwanza, utaendelea baadaye."

Alikunywa chai. Ungefanya nini.

Siku tatu baadaye alirudi na simu. Alikuwa amempigia Mitchel, na Mitchel alikuwa ameogopa vya kutosha kumtumia vipande vyote vya siku ile, pamoja na vile ambavyo havitaonyeshwa: ubao wa kuanzishia picha unapigwa, Mitchel anawafokea watu wasitazame kamera, Andati mwenyewe anasahau maneno na kuyatafuta kwenye kiganja. Pascalia alitazama vyote bila kupepesa. Akaomba kile cha moto kirudiwe.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Kumbe nina uso mzuri." Alitazama tena. "Na ile ya asubuhi iko wapi? Uliponishika kichwa?"

"Hiyo haiko. Kamera ilikuwa haijawashwa."

Pascalia alimrudishia simu kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Basi umejijibu. Mambo ya filamu yamo ndani ya hiyo simu. Lile ombi halimo."

Andati, ambaye amewahi kumjibu mbunge kwenye kipaza sauti na kushinda, aliirudisha simu mfukoni.

"Nikuambie kitu," Pascalia aliendelea. "Hizo dawa nimezimeza miaka kumi na moja. Kwa kliniki naitwa mama. Kwa kanisa naitwa Mama Beverlyne. Hata kwa kile kitabu waliandika Pascal, nikabaki mwanaume miaka yote hiyo. Wewe uliniuliza jina, ukalipeleka kule juu, nikisikia. Siku hiyo nililala mpaka kuku wakashuka. Sasa nikimeza tena, si ni kusema sikusikiwa?"

Beverlyne alimsindikiza Andati mpaka kwenye njia iliyopakana na miwa. Walipofika mahali ambapo mama yake hawezi kusikia, alisimama.

"Limebaki neno moja. Mwambie lile ombi pia ulikuwa unamchezea. Mwambie ulikuwa unamwiga baba yako ndio watu wacheke. Atakuchukia. Atalia siku mbili. Halafu atameza."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Si kweli."

Beverlyne akashika kiuno. "Wewe? Wewe uliyemwambia bibi harusi wa Lurambi mbele ya umma kwamba bwana yake ana shamba la chai? Leo ndio umekutana na uongo usioweza kuubeba?"

"Kuigiza nakujua," Andati alisema, akiitazama miwa. "Hiyo ndiyo kazi yangu. Ile haikuwa kuigiza. Sijui ilikuwa nini, lakini najua haikuwa hiyo."

"Kwa hivyo mama yangu afe, ndio wewe ubaki na ombi lako zuri."

Andati alikuwa anajiuliza hilo hilo. Alirudi Shianda akaketi juu ya spika yake moja akafikiria. Neno lile lingetosha. Angeliita ombi lake mzaha, na Pascalia angepona presha, na mtu wa kwanza kumwita kwa jina angekuwa amemcheka. Asipolisema, mama huyo angeanguka tena, na safari hii labda pasiwe na mahindi ya kumshikilia. Na lililomkera zaidi ni kwamba katika ombi lile hakutaja dawa hata mara moja. Aliyetaja dawa ni Baba Nuru, saa nane mchana, kwa maneno ya karatasi. Baba Nuru ndiye aliyewaambia watu wachague, Mungu au kidonge, na Pascalia alikuwa bado amesimama mbele ya moto ule anachagua.

Jumapili akaitwa. Pascalia alikuwa amemchinjia ingokho, kuku wa mgeni, maana mtu wa Mungu amefika nyumbani mara mbili akaondoka na chai tu, na majirani wana macho. Andati alipitia kwanza zahanati, akamgongea Osiako nyumbani kwake, akatoka na vidonge mfukoni.

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha kufuma. Kulikuwa na obusuma, ugali mkubwa unaofuka, mboga, na kuku kwenye bakuli la maua. Juu ya sahani ya Andati palikuwa na firigisi, mahali pake pa haki. Mgeni wa heshima hupewa firigisi, na mgeni asiyeila ameiambia nyumba hiyo kwamba ana neno nayo.

"Tuombee chakula, mtumishi," alisema Pascalia.

Andati alitoa vidonge viwili, kimoja cheupe na kimoja cha manjano, akaviweka kwenye kisahani katikati ya obusuma na kuku, upande wa Pascalia. Pascalia alifungua mdomo. Lakini Beverlyne alikuwa ameshainamisha kichwa, Andati alikuwa ameshasema "Baba", na mama aliyelelewa vizuri hasemi mtu akiwa anaomba.

Aliomba polepole. Alishukuru kwa kuku huyo na aliyemfuga. Alishukuru kwa mahindi na aliyeyapalilia mpaka akaanguka humo. Alishukuru kwa chumvi na kuni. Alishukuru kwa watu asiowajua, waliosaga na kufinyanga na kupaka rangi, wenye watoto wao na shida zao. "Bariki kila kilicho juu ya meza hii," alisema, "kiwe chakula kwa Pascalia, huyu hapa, si mwingine."

"Amina," Pascalia alisema, halafu ndipo akayasikia aliyoyaitikia.

Akafumbua macho. "Umeweka vitu vyako katikati ya chakula changu."

"Nimeweka. Na umesema amina."

"Wewe ndiye ulisema tuvitupe motoni."

"Alisema Baba Nuru, mchana. Mimi niliomba asubuhi, na sikutaja dawa. Kumbuka vizuri."

Alikumbuka. Ilionekana usoni kwamba anakumbuka, neno kwa neno, na kwamba hakupendezwa na anachokikuta. "Mdomo ulikuwa mmoja," alisema hatimaye.

"Ulikuwa mmoja, na hilo ni kosa langu, nitalijibu mimi. Sasa mdomo huo huo ndio umebariki hivi. Niliomba ulale, Pascalia. Niliomba kweli. Sikumwambia Mungu apitie wapi."

Beverlyne alikuwa anakitazama kikopo cha chumvi kama kimeandikwa barua. Andati aliisukuma sahani yake mbele kidogo, firigisi na yote, akakunja mikono.

"Kula," alisema Pascalia.

"Mgeni anakulaje na mwenye nyumba ameacha kilichobarikiwa mezani?"

"Imondo inapoa," alisema, akiielekezea firigisi kidole.

"Naiona."

Walikaa. Nje jogoo aliyesalimika alipita mlangoni, akachungulia, akaendelea na safari. Mvuke wa obusuma ulipungua. Pascalia alitazama firigisi, akatazama dirisha, ambako bila shaka kulikuwa na jirani mmoja au wawili wenye shughuli karibu na ua. Kisha akamega tonge, akaliviringisha, akalifinya katikati kama mtu anayetaka kuchota mchuzi. Akaviweka vidonge viwili ndani ya tonge, akalila, akateremshia maji.

"Joash hakuwa mjanja hivi," alisema.

"Alikuwa na baiskeli. Mimi nimeachiwa mdomo tu."

Andati akala firigisi. Anasema ilikuwa baridi na ngumu, na kwamba hajawahi kula kitu kitamu kama kile.

Lakini Pascalia hakuwa amemaliza. Alisubiri mpaka wote wakanawa mikono.

"Na kesho?"

"Kesho unameza tena. Kila siku, asubuhi."

"Kesho nani ataviombea? Mimi sili kisichoombewa. Na hicho sasa ni chakula, umesema mwenyewe mbele ya Mungu."

"Beverlyne ataomba."

"Huyu? Huyu huomba akiwa ameshameza."

"Ni kweli," Beverlyne alisema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba mtu ambaye kwa miaka tisa alijificha nyuma ya amplifaya akawa anasali kila asubuhi, saa moja na nusu, mbele ya kisahani. Siku za matanga ya mbali hupita Musanda kwanza na spika zake zikimsubiri kwenye pikapu barabarani. Siku zingine ombi huja lenyewe kwa ile sauti ya chini. Siku nyingi haliji, naye husema maneno tu, na Pascalia huitikia amina ile ile kwa yote mawili. Mwisho wa wiki ya pili Osiako alimpima: mia moja na hamsini kwa tisini na tano. Osiako alipima tena mkono wa pili, akidhani mashine imelala.

Wiki ya tatu, Jumanne, Andati alikuta akina mama wengine wawili kwenye benchi barazani. Mmoja alikuwa na vidonge ndani ya kitambaa. Mwingine hakuwa na kitu, ila mayai sita kwenye kikapu na goti linalouma. Waliposimama kumpokea, wote wawili walivuta vitambaa vyao vya kichwa.

Alimvuta Beverlyne mpaka nyuma ya jiko.

"Hii inakuwa kanisa."

"Basi acha."

"Baba Nuru alianza hivi hivi. Kwa karatasi ya Mitchel iko, mwanzo kabisa. Benchi, akina mama wachache, mmoja ameleta mayai."

"Nimesema acha."

"Nikiacha, mama yako?"

Beverlyne aliokota kijiti akakivunja, akavunja na vipande.

Andati alirudi barazani. Mayai aliyarudisha kwa mwenyewe, na aliyeona uso wake akiyarudisha anaapa kwamba hapo palikuwa na kujinyima kwa kweli. Aliwaambia wote wawili kwamba yeye si nabii, ni MC, anaitwa Andati, spika mbili na jenereta. Akamwambia mwenye goti aende kwa Osiako kwanza, arudi na karatasi yenye mhuri, na kwamba bila mhuri wa Osiako hapa hapaombewi hata kikombe cha maji. Na siku watakapomsikia anamwambia mtu aache dawa, au aache shule, au aache kula, wamfukuze kwa fimbo, Pascalia akiwa wa kwanza.

"Fimbo iko hapo mlangoni," alisema Pascalia.

"Nimeiona."

Kisha akavua kofia, nao wakainamisha vichwa.

Boda kutoka Shianda hadi Musanda ni shilingi mia mbili, kwenda tu, na kila asubuhi hulipa Andati mwenyewe.